Mwanafunzi akilalamikia chakula cha shule, amevunja nidhamu au ametumia haki yake?

#1 Mjomba wa Mikindani

Habari wanajukwaa. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu limeingia nyumbani kwangu. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu katika shule moja ya bweni mkoani kwetu Mtwara, ambayo sitaitaja. Wiki iliyopita alirudi nyumbani na sanduku lake la bati na barua ya kusimamishwa masomo kwa siku 14. Kosa lililoandikwa ni kuchafua jina la shule na kuwachochea wenzake.

Nilipomhoji alinieleza kwamba alitumbukiza karatasi katika sanduku la maoni lililotundikwa nje ya ofisi ya makamu mkuu wa shule. Aliandika kwamba maharage ya Jumatatu na Jumanne yalikuwa yamebunguliwa, kwamba wadudu walielea juu ya mchuzi, na kwamba angeomba mwalimu mmoja aje kula bwaloni walau siku moja. Hakuandika jina. Karatasi ilikuwa imechanwa kwenye daftari la hesabu, lile la mistari ya miraba, na mwalimu wa nidhamu akapita darasa kwa darasa akilinganisha mwandiko na madaftari mpaka akampata.

Kwetu mjomba ndiye anayeitwa shuleni mpwa anapokosea, kwa hiyo Jumatatu nitakwenda mimi. Kabla sijaenda nataka kujua: mwanafunzi ana haki ya kusema jambo kama hilo au hana? Na kama anayo, mpaka wake uko wapi?

#2 Chaki Nyeupe

Pole, ndugu yangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Tandahimba, na nitausema upande ambao hapa jukwaani hausemwi mara nyingi. Shule ya bweni yenye mamia ya watoto huendeshwa na walimu wachache, na ikifika usiku wanaobaki ni mwalimu wa zamu, mlinzi na tochi zao. Neno likisambaa kwamba chakula kina wadudu, saa mbili usiku sahani huanza kugongwa bwaloni, na baada ya sahani huja mawe. Nimewahi kusimama kwenye mlango wa stoo usiku wa namna hiyo, vioo vya madirisha vikivunjika nyuma yangu, na ninajua jinsi mtoto wa miaka 15 anavyoweza kuumia katika vurugu ambayo hata hakuianzisha.

Katiba yetu inatoa uhuru wa maoni katika Ibara ya 18, lakini Ibara ya 30 inasema haki ya mtu mmoja isitumike kwa namna ya kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Wenzake mia kadhaa wana haki ya kusoma kwa amani. Sisemi kijana alikosea. Ninasema mkuu wa shule ana sababu ya kuogopa.

#3 Msomaji wa Katiba

Mwalimu Chaki Nyeupe, nakuheshimu, lakini umehama kutoka kwenye sanduku ukaenda bwaloni. Kijana hakusimama juu ya meza akahutubia. Alitumia njia ambayo shule yenyewe iliiweka ukutani na kuifunga kufuli. Kama kuna njia ya kulalamika iliyo tulivu kuliko hiyo, naomba uitaje.

Mjomba, nenda na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 11 kinasema mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni asinyimwe haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, na mtoto kwa sheria hiyo ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Chakula kisipokuwa ustawi, sijui ustawi ni nini. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Ibara zake za 12 na 13 zinazungumzia jambo hilihili.

#4 Korosho Daraja la Kwanza

Ninayo nakala ya Katiba hapa mkononi. Ibara ya 18 inaanza kwa maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi". Maana yake ni kwamba uhuru huo umefungwa na sheria, na kanuni za shule zimetungwa chini ya sheria. Kwa hiyo kanuni ikisema malalamiko yapite kwa kiranja, basi yapite kwa kiranja.

#5 Msomaji wa Katiba

Ndugu Korosho, nakala yako imekaa ghalani misimu mingi. Maneno hayo yaliondolewa katika Mabadiliko ya 14 ya Katiba, mwaka 2005. Ibara ya sasa inasema tu kwamba kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, kisha inaendelea na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Mipaka imebaki Ibara ya 30, kama alivyosema Mwalimu, na hiyo ni mipaka inayopaswa kuonyeshwa sababu. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa bweni si sababu.

#6 Korosho Daraja la Kwanza

Nimesahihishwa, nashukuru. Nitatafuta nakala mpya. Hata hivyo bado sijaona mahali ambapo Bunge limesema mkuu wa shule hawezi kuweka utaratibu wa kusema.

#7 Mama Wawili Masasi

Kabla ya sheria, naomba kuuliza: kijana alichapwa?

#8 Mjomba wa Mikindani

Ndiyo, dada. Alichapwa viboko sita mbele ya mstari wa asubuhi, kisha akaambiwa afungashe.

#9 Mzee wa Nachingwea

Nimekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, Lindi na Mtwara zote mbili, na hapo kwenye viboko naweza kusema kwa uhakika. Sita ilikuwa idadi ya kanuni za mwaka 1979. Kanuni za mwaka 2002 ziliishusha hadi vinne, na zikataka adhabu itolewe na mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mjomba, ukifika omba kitabu hicho kwa adabu. Kama hakuna maandishi, adhabu ile haikufuata utaratibu, hata kama kijana angekuwa na kosa.

Sasa suala lenyewe. Nilikuwa na sanduku la maoni katika shule tatu. Ufunguo haukukaa kwangu peke yangu; kufuli lilikuwa na funguo mbili, moja kwa mwalimu wa malezi na nyingine kwa dada mkuu. Kila Ijumaa lilifunguliwa mbele ya viranja, na karatasi zikasomwa mstarini. Za matusi nilitangaza kwamba zimekuja na sitazisoma. Za chakula, maji na vyoo nilizijibu palepale, na pale nilipokuwa sina fedha nilisema kwamba sina fedha. Katika miaka yote hiyo nilipata mgomo mmoja tu, nao ulitokea katika shule ambayo nilihamishiwa wiki mbili tu kabla na sikuwa nimelitundika sanduku bado.

Kwa nini wakuu wengine hawafanyi hivyo? Wengi watasema ni ukatili au ujinga. Mimi nasema ni hofu ya kwenda juu. Karatasi ile ikimfikia mthibiti ubora wa shule au ofisa elimu, atakayeulizwa maharage yalinunuliwa wapi na kwa bei gani si mpishi. Mkuu wa shule anamnyamazisha mtoto kwa sababu na yeye hana mahali pa kusema kwamba fedha ya chakula imechelewa.

#10 Chaki Nyeupe

Shikamoo, Mzee. Hapo umegusa jambo ambalo sisi walimu hulisema tukiwa wenyewe. Mimi nikilalamika hadharani kuhusu nyumba ya mwalimu inayovuja, nitaitwa kujieleza. Ni vigumu kumfundisha mtoto uhuru ambao mwenyewe sinao.

#11 Mzee wa Nachingwea

Marahaba, mwalimu.

#12 Mama Wawili Masasi

Mimi sikubaliani kabisa na Mzee, ingawa namheshimu. Hofu ya ofisi haielezi kwa nini jambo hilihili hutokea nyumbani, ambako hakuna ofisa elimu. Tumewalea watoto kuamini kwamba kumwambia mkubwa kosa lake ni kukosa adabu. Mtoto wangu wa kwanza aliumwa tumbo siku tatu katika shule ya msingi kwa sababu ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa chafu, na nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa anaiona. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza.

Bibi yangu alikuwa somo wa unyago. Nakumbuka alivyotufundisha kwamba mwali hafokei mtu mzima, lakini anaweza kumfikishia neno kwa wimbo au kwa fumbo, na mtu mzima aliyefundwa atalielewa na kujirekebisha bila kuaibishwa. Sanduku la maoni ningelifananisha na wimbo ule. Tatizo ni kwamba shule imechukua ile nusu ya kwanza ya mila, ya kunyamaza, ikaiacha nusu ya pili.

#13 Binti Newala

Naomba niongeze sababu ambayo hakuna aliyeitaja, nayo ni lugha. Nilisoma sekondari Newala, na shuleni kwetu Kiswahili kilikatazwa kuanzia lango mpaka bweni. Aliyekamatwa akizungumza Kiswahili alivishwa kibao chenye kamba shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine wa kumpa. Kile kibao kilikuwa cha mbao ya sanduku la sabuni, kamba yake ya katani ilikuwa inawasha, na jioni aliyelala nacho alifagia uwanja.

Matokeo yake ni kwamba kidato cha kwanza chote sikusema kitu darasani. Niliumwa na sikuomba ruhusa. Niliibiwa shuka na sikuripoti, kwa sababu niliogopa kukosea Kiingereza mbele ya mwalimu wa zamu kuliko nilivyoogopa kulala bila shuka. Mnajadili mpaka wa uhuru wa kusema wakati kuna watoto ambao wamepokonywa hata kinywa cha kusemea. Mpwa wa Mjomba aliandika kwa lugha gani?

#14 Mjomba wa Mikindani

Kwa Kiswahili. Na umenikumbusha, binti yangu: barua ya shule inataja hilo kama kosa la pili, kutumia lugha isiyoruhusiwa katika maandishi rasmi.

#15 Chaki Nyeupe

Kibao sikitetei, na shuleni kwetu tulikitupa. Ila mtihani wa kidato cha nne unakuja kwa Kiingereza, na mtoto asiyekizoea ndiye anayeumia. Kanuni ya lugha haikuwekwa ili kuwanyamazisha.

#16 Binti Newala

Haikuwekwa kwa nia hiyo, mwalimu, lakini ndicho ilichofanya.

#17 Mwanamaji wa Kilwa

Salaam. Huko Marekani jambo hili lilikwisha tangu mwaka 1969. Mary Beth Tinker, binti wa miaka 13 wa mji wa Des Moines, alivaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, akasimamishwa masomo, na Mahakama Kuu ya nchi ile ikampa ushindi kwa majaji saba dhidi ya wawili. Ilisema mwanafunzi haachi haki zake kwenye lango la shule. Tangu hapo mwanafunzi wa huko anasema analotaka.

#18 Msomaji wa Katiba

Nusu ya kwanza ni sahihi, ndugu Mwanamaji. Nusu ya pili si sahihi. Mahakama ileile ilisema shule inaweza kuzuia maneno yanayovuruga masomo kwa kiasi kikubwa au kuingilia haki za wengine. Mwaka 1986 iliruhusu mwanafunzi aadhibiwe kwa hotuba yenye lugha ya uchafu mbele ya wenzake. Mwaka 1988, katika kesi ya shule ya Hazelwood, ilimpa haki mkuu wa shule aliyeondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi zenye makala kuhusu mimba za wasichana na talaka za wazazi. Kisha mwaka 2021 ikampa ushindi, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, msichana aliyeitukana timu ya shule kwa simu yake siku ya mwisho wa juma akiwa nje ya shule. Kwa hiyo hata huko mpaka umekuwa ukisogezwa mbele na nyuma.

Lakini hatuna haja ya kusafiri mbali. Mwaka 2013 Mahakama yetu ya Rufani iliwapa ushindi wanafunzi zaidi ya 120, Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wamefukuzwa au kusimamishwa kwa sababu hawakuimba wimbo wa taifa. Wao walitetea imani yao na si maoni juu ya maharage, najua, lakini inaonyesha kwamba uamuzi wa shule unaweza kufikishwa mbele ya majaji wa nchi hii na kutenguliwa.

#19 Mwanamaji wa Kilwa

Asante kwa kunisahihisha. Kesi hiyo ya kwetu sikuwa naijua, na inanisikitisha kwamba nilijua ya Des Moines kwanza.

#20 Mwenye Ngalawa

Mwaka huohuo wa 2013 mimi nilikuwa kidato cha nne hapa Mtwara mjini. Ndiyo miezi ya maandamano ya gesi, watu wakipinga bomba la kwenda Dar es Salaam. Klabu yetu ya mdahalo ilikuwa imeandaa mada kuhusu rasilimali na wenyeji wa mahali zinapopatikana, na tulikuwa tumetumia Jumamosi mbili kujiandaa, nusu yetu upande wa kuunga mkono na nusu upande wa kupinga. Siku ya mdahalo tulikuta viti vimeshapangwa na ubao umefutwa. Mwalimu alisema neno "gesi" lisitamkwe ndani ya eneo la shule, na tukapewa mada nyingine, kama kisu ni bora kuliko jembe.

Hatukugoma. Tulijadili kisu na jembe. Lakini mnaosema shule huzuia maneno kwa sababu ya matusi au vurugu, mnisaidie: upande wa kupinga ungesema mambo yaleyale ambayo serikali ilikuwa inasema redioni. Hata hayo hatukuruhusiwa kuyasema.

#21 Chaki Nyeupe

Ndugu Mwenye Ngalawa, mwezi Mei mwaka ule wanajeshi walikuwa mitaani na wazazi waliwafungia watoto ndani. Mwalimu wako alikuwa na darasa la vijana na barabara yenye moshi nje. Ningekuwa yeye, ningefuta ubao vilevile, kisha mambo yakitulia ningeirudisha mada.

#22 Mwenye Ngalawa

Haikurudishwa.

#23 Korosho Daraja la Kwanza

Hii si mpya. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwafukuza wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1968 kwa kuandamana.

#24 Mzee wa Nachingwea

Ilikuwa Oktoba 1966, ndugu Korosho, na walikuwa karibu 400, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hukumbuki sehemu ya pili? Baada ya kuwasikia wakisema viongozi wanalipwa mno, alitangaza palepale kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Aliwafukuza na akawasikia siku hiyohiyo. Mpaka leo sijui niliweke fungu gani tukio hilo. Hata hivyo wale walikuwa watu wazima chuoni, na hapa tunazungumzia mtoto wa kidato cha tatu.

#25 Kidato cha Sita

Nimesoma uzi wote. Mimi bado ni mwanafunzi, nasoma Lindi, na naandika nikiwa likizo kwa simu ya dada kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi. Uhuru wa maoni tuliufundishwa kidato cha kwanza katika somo la Uraia. Tulikariri maana ya haki, tukakariri mipaka yake, tukajibu mtihani, na nilipata alama ya juu kabisa. Wiki ileile wasichana wa bweni letu tuliandika barua kuhusu vyoo visivyo na milango, ikiwa na majina 40, na dada mkuu alituomba tuifute majina yote ili "isionekane kama mgomo".

Nilichojifunza ni kwamba sauti ya mmoja inaitwa uchochezi na sauti ya wengi inaitwa mgomo. Naomba walimu mliopo hapa mniambie idadi sahihi ni wangapi.

#26 Mama Wawili Masasi

Mwanangu, swali hilo nimelisoma mara mbili. Milango iliwekwa?

#27 Kidato cha Sita

Miwili, kati ya sita.

#28 Chaki Nyeupe

Swali la binti huyu linanistahili nilijibu, na sina idadi. Nitasimulia jambo langu ili ajue nasema kutoka wapi. Miaka michache iliyopita karatasi isiyo na jina ilitumbukizwa katika sanduku la shule ninayofundisha, ikidai nimekula fedha za michango ya chakula. Nilihojiwa siku nne. Vitabu vilikaguliwa na vikaonekana ni safi. Lakini hakuna aliyesimama mstarini kusema ni safi, na mpaka leo kuna mama mmoja pale sokoni ambaye hunirudishia chenji akiniangalia mkono.

Mwandishi wa karatasi hakutafutwa, na mimi ndiye niliyeomba asitafutwe. Nilihofia kwamba akichapwa yule mwongo, mwaka unaofuata atanyamaza mkweli. Lakini msinidai niseme kwamba neno la mwanafunzi halina madhara. Uwongo juu ya jina la mtu ni mpaka, na aliyeumizwa nao anahitaji mahali pa kusafishiwa.

#29 Mzee wa Nachingwea

Hapo ndipo kusoma karatasi hadharani kunapomlinda mwalimu pia. Ungesafishwa mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia tuhuma.

#30 Msomaji wa Katiba

Au ungeaibishwa mara mbili, Mzee. Sina uhakika kwamba mstari wa asubuhi ni mahali pa kuchunguzia tuhuma dhidi ya mtu.

#31 Mjomba wa Mikindani

Nimerudi kutoka shuleni. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Nilipoomba kitabu cha adhabu, kilitafutwa kabatini na hakikuonekana, na hapo mazungumzo yakawa laini zaidi. Amekubali kijana arudi kesho, kabla ya siku 14 kuisha, kwa sharti moja: asaini barua ya kukiri kosa na kuahidi kwamba hatarudia.

Barua ilikuwa imeshachapwa. Ina nafasi ya jina, nafasi ya darasa, na mstari mrefu ulioachwa wazi baada ya maneno "nakiri kosa la". Nikamwomba mkuu wa shule aujaze yeye mwenyewe mstari huo, kwa sababu mimi sikujua niandike nini. Alishika kalamu. Aliandika "kusema", akasita, akaikata, akaandika "kuandika", akasita tena. Kisha akaniambia niende nayo nyumbani, tuijaze na mpwa wangu, tuilete asubuhi.

Nilipokuwa natoka nilipita bwaloni. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni, mpishi akiyachagua kwenye ungo, jambo ambalo kijana anasema hakuwahi kuliona.

#32 Korosho Daraja la Kwanza

Mjomba, saini tu kijana arudi darasani. Mtihani haungoji.

#33 Binti Newala

Asisaini kitu kilichoachwa wazi. Mtu mwingine atakuja kukijaza.

#34 Mjomba wa Mikindani

Barua iko mezani hapa, mimi na yeye tumekaa tunaitazama. Amesema yuko tayari kuandika kwamba alikosea kutoweka jina lake. Ninaona kuna ukweli ndani yake, na pia ninaona kwamba angeliweka, asingehitaji hata kutafutwa kwa mwandiko.